Mchele mwekundu wa Guangzhou na lehemu ya Mzee wetu

Msafiri Muislamu anayefika Guangzhou, kusini mwa China, hahitaji kuuliza sana njia ya kwenda kusali. Katika mtaa uitwao Guangta, yaani Mnara wa Mwanga, umesimama msikiti wa Huaisheng, ambao ni miongoni mwa misikiti mikongwe kabisa ya nchi hiyo. Mnara wake ni wa mviringo, mlaini, hauna nakshi wala ngazi za nje, na urefu wake ni mita 36 hivi. Zamani, maji ya Mto wa Lulu yalipokuwa karibu zaidi na mahali hapo kuliko yalivyo leo, mnara huo uliwaongoza mabaharia usiku. Jina la msikiti lina maana ya kumkumbuka Mtukufu, na anayekusudiwa ni Mtume Muhammad (S.A.W.). Upande wa kaskazini, jirani na bustani ya Yuexiu, liko kaburi ambalo Waislamu wa huko hulinasibisha na sahaba Sa'd bin Abi Waqqas (R.A.). Sisi tuliokaa mbele ya walimu wa sira tunajua kwamba wanahistoria wa Kiislamu wanaeleza kuwa sahaba huyo alifia Aqiq, nje ya Madina, na akazikwa Baqii. Hata hivyo, aliyelala pale, yeyote awaye, ni mgeni aliyeifikisha tawhidi mbali sana na kwao, nami nilimwombea dua bila ya kumdai kitambulisho.

Tulikwenda watu wawili: mimi, katibu wa kamati ya msikiti wetu, pamoja na mweka hazina, ambaye amekwishapita miaka sitini na ambaye kwa heshima yake nitamwita Mzee tu. Kamati ilitutuma kununua mazulia, vipaza sauti na taa, na wafanyabiashara wa kwetu waliozoea njia hiyo walitushauri tuende kuvishika vitu kwa mikono badala ya kuagiza kwa picha. Habari za mazulia hazina ladha ya kusimuliwa. Yalipatikana, yakafungwa, yakapakiwa. Kilichonifanya nishike kalamu ni jambo jingine. Mzee ana miaka kadhaa tangu apimwe na kuambiwa kuwa damu yake ina lehemu nyingi, na kila usiku humeza kidonge cha simvastatini. Alikuwa amevichoka vidonge hivyo. Kabla hatujaondoka nyumbani, jirani mmoja alikwishamwambia kwamba Wachina wanao mchele mwekundu unaosafisha mishipa ya damu, na kwamba mwenye kuula huo haitaji tena dawa za hospitali. Kwa hiyo safari ya Mzee ilikuwa na ajenda mbili, na ile ya pili hakuiwasilisha katika kikao cha kamati.

Niseme kidogo kuhusu lehemu, ambayo wengi huiita kolesteroli, kwa sababu majumbani mwetu inatajwa sana na kufahamika kidogo. Lehemu si sumu. Mwili huitumia kujenga kuta za chembechembe zake, kutengeneza nyongo na baadhi ya homoni, na sehemu kubwa yake hutengenezwa na ini lenyewe, si sahani. Ndiyo maana mtu mwembamba asiyegusa nyama anaweza kuwa nayo nyingi, hasa ikiwa ameirithi kwa wazazi. Ubaya huja pale inapozidi katika ile mizigo ambayo karatasi za vipimo huiandika LDL, kwani hiyo hujipenyeza katika kuta za mishipa na kuzifanya nene mwaka baada ya mwaka, hadi siku damu inaposhindwa kupita kwenda moyoni au kwenye ubongo. Haina homa, haina maumivu, haimzuii mtu kupanda ngazi za msikiti. Mzee mwenyewe hulalamika kwamba anatibiwa ugonjwa ambao hajawahi kuusikia mwilini mwake, na lalamiko hilo nimelisikia kwa wengi.

Makazi yetu yalikuwa Xiaobei, mtaa unaojulikana kwa wageni kutoka Afrika na nchi za Kiarabu. Humo utasikia Kiswahili kwenye lifti na Kisomali kwenye foleni ya kubadilisha fedha. Chakula cha halali hakina shida. Ukiona alama mbili za Kichina zinazosomwa qingzhen, ambazo tafsiri yake ni safi na ya kweli, aghalabu pamoja na maandishi ya Kiarabu, ujue umefika. Vijiduka vya tambi za kuvutwa kwa mkono vimejaa kila kona, na ingawa vibao vyao vinasema Lanzhou, wengi wa wenye maduka hayo hutoka Hualong, katika jimbo la Qinghai. Mpishi huchukua donge la unga, akalivuta, akalikunja, akalivuta tena mpaka likawa nyuzi, akazitumbukiza katika mchuzi wa ng'ombe wenye figili, giligilani na mafuta ya pilipili. Nje ya msikiti wa lile kaburi, siku ya Ijumaa, moshi wa mishikaki ya kondoo humpokea mwenye kutoka swala kabla hajavaa viatu. Mzee aliipokea mishikaki hiyo kwa bashasha. Nilipomtazama kwa jicho la swali, alinijibu, "Katibu, mchele mwekundu utayamaliza yote haya."

Jibu lake ndilo lililonitia wasiwasi. Mtu anayeamini kuwa kuna kitu kitakachofuta kila alichokula hula bila ya hisabu.

Tulimpata kijana wa Tanga anayesomea udaktari katika chuo kimoja cha mji huo. Alikuwa na adabu njema, akizungumza Kichina kama maji, akamwita Mzee "babu" tangu salamu ya kwanza, naye akakubali kutupeleka Qingping. Hilo ni eneo la maduka ya dawa za asili na vyakula vikavu, katika sehemu kongwe ya mji, si mbali na kisiwa kidogo cha Shamian. Harufu yake hukufikia kabla ya kibao: maganda makavu ya machenza, uyoga, tangawizi, mdalasini, na ndani yake kitu cha udongo nisichoweza kukitaja. Magunia yako wazi mlangoni. Kuna zabibu nyekundu za gouqi, tende nyekundu za Kichina ambazo si tende zetu, mbegu za yungiyungi, vipande vyekundu vya tunda la shanzha, uyoga mweusi unaofanana na masikio, na farasi wa baharini waliokaushwa na kupangwa kama samaki wa kuchezea watoto. Ukipita na mfuko wenye mzigo, wauzaji hukutazama mfuko. Ukipita mikono mitupu, hukuita.

Kijana alitueleza kuwa kwa Wachina mpaka kati ya chakula na dawa haukuchorwa kwa mstari mnene. Wana msemo kwamba viwili hivyo vina chimbuko moja. Katika kitabu chao cha kale kinachoeleza taratibu za ufalme wa Zhou, miongoni mwa matabibu wa mfalme yumo tabibu wa chakula, na huyo hutajwa kabla ya tabibu wa maradhi. Sun Simiao, tabibu aliyefariki mwaka 682, aliwausia matabibu waanze kumtibu mgonjwa kwa chakula na wasikimbilie dawa ila chakula kikishindwa. Nilifurahi zaidi kujua kwamba Waislamu nao wana mkono katika elimu hiyo. Mwaka 1330 mtaalamu wa lishe wa ikulu, Hu Sihui, alimkabidhi mfalme wa Wamongolia aliyetawala China kitabu cha vyakula vya afya, na ndani yake nyama ya kondoo imejaa tele, wamo pia mastaki na dengu, ambazo humo zimeitwa maharage ya Kihuihui, yaani ya Waislamu. Kipo pia kitabu cha tiba za Waislamu kilichoandikwa kwa Kichina na kujaa majina ya Kiajemi. Kilikuwa na sehemu 36, zimebaki 4. Watoto wetu wanaofundishwa kwamba elimu ya tiba ya Kiislamu iliishia Baghdad na Andalusi waambiwe na hili.

Basi tukafika kwenye mchele. Wachina huuita hongqu. Mama mwenye duka aliuchota kwa kikombe cha bati na kuumwaga juu ya karatasi nyeupe: punje kama za mchele wa kawaida, lakini rangi yake ni ya damu iliyokauka, nyepesi, zinazovunjika ukizibana kwa kucha, na ndani zina wekundu uliofifia. Harufu yake ni ya uchachu mdogo. Hutengenezwa kwa kuupika mchele kwa mvuke, kisha kuupandikiza kuvu maalumu na kuuacha mahali pa joto kwa siku kadhaa huku ukigeuzwa na kunyunyiziwa maji, hadi kuvu huyo akaila punje na kuijaza rangi, halafu hukaushwa. Si uzushi wa jana. Li Shizhen, aliyekamilisha kitabu chake kikubwa cha dawa mwaka 1578, aliusifia, na Song Yingxing alieleza namna ya kuutengeneza katika kitabu chake cha mwaka 1637 kuhusu kazi za mikono. Katika zama hizo hakuna aliyejua lehemu. Uliaminiwa kusaidia mmeng'enyo wa chakula na mzunguko wa damu.

Mzee alikwishafungua pochi. Kijana akamshika mkono kwa upole, akasema, "Babu, ngoja kwanza. Huu unaoutaka ni ndugu wa kidonge chako."

Hapo ndipo kwenye kiini cha habari, na naomba msomaji anisikilize. Mjapani mmoja, Akira Endo, mtoto wa familia ya wakulima aliyependa kuvu na uyoga tangu utotoni, alipekua maelfu ya aina za kuvu akitafuta kitu kitakachozuia mwili kutengeneza lehemu. Mwaka 1973 alikipata katika kuvu wa jamii ya wale wa buluu wanaoota kwenye machungwa. Mwaka 1979 akatoa kitu kingine cha namna hiyo hiyo katika kuvu wa jamii ya Monascus, ambayo ndiyo jamii ya kuvu wa mchele mwekundu, akakiita monakolini K. Wakati huohuo watafiti wa Marekani walikwishakipata kitu kilekile katika kuvu mwingine kabisa. Dawa iliyotokana nacho, lovastatini, iliruhusiwa Marekani mwaka 1987. Monakolini K na lovastatini ni kitu kimoja chenye majina mawili. Simvastatini ya Mzee nayo ilitengenezwa kwa kuigeuza lovastatini kidogo. Zote hufanya kazi moja: hukizuia kimeng'enya ambacho ini hukihitaji ili litengeneze lehemu, na ini likipungukiwa hulazimika kuivuta ile LDL kutoka katika damu.

Kwa maneno mengine, jirani hakusema uongo. Mchele mwekundu unapunguza lehemu, na hilo limethibitika kwa namna ambayo dawa nyingi za asili hazijabahatika kuthibitishwa. Huko China ipo dawa iitwayo Xuezhikang, ambayo ni mchele huo uliosafishwa na kupimwa kiasi chake. Walipewa wagonjwa waliokwishapata shambulio la moyo, karibu watu 5,000 kwa jumla, nusu wakipewa hiyo na nusu kidonge kitupu, wakafuatiliwa kwa miaka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Katika kila wagonjwa 100 waliopewa kidonge kitupu, kama 10 walipata shambulio jingine au kufa kwa ugonjwa wa moyo. Kwa waliopewa dawa ya mchele walikuwa kama 6. Kwa wanaojua hesabu za zaka hiyo si tofauti ndogo.

Lakini faida hiyo ilipatikana kwa kitu kilichopimwa. Mchele wa gunia hauna anayeujua kiasi chake. Kijana alitueleza, na yule mama akaitikia kwa kichwa bila ya kuona haya, kwamba mchele mwekundu wa sokoni ni wa aina mbalimbali: upo wa kutia rangi chakula, upo wa kuchachushia, upo wa dawa. Wa rangi, ambao ndio mwingi, unaweza kuwa na monakolini kidogo sana au usiwe nayo kabisa. Hata vidonge vilivyopakiwa vizuri si amana. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima vidonge vya mchele huo vya aina 12 vilivyokuwa madukani. Kidonge kimoja kilikuwa na sehemu ya kumi ya miligramu ya monakolini K, kingine kilikuwa na miligramu 10, na vyote viliuzwa kwa sifa ile ile. Vinne kati ya hivyo vilikutwa na sitrinini, sumu ya kuvu inayodhuru figo. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliamuru kwamba kirutubisho cha namna hiyo kisimpe mtu miligramu 3 au zaidi kwa siku. Mwaka 2024 nchini Japani mamia ya watu walilazwa hospitali baada ya kutumia vidonge vya mchele mwekundu vya kampuni moja, na wachunguzi wakagundua kuwa kuvu wa buluu alijipenyeza kiwandani na kuacha sumu yake.

Sasa chukua mtu kama Mzee, anayemeza simvastatini usiku, aongeze juu yake mchele ambao ni ndugu wa dawa hiyo. Hakuna daktari aliyempangia dozi ya pili, wala hatajua kuwa ipo. Dawa za jamii hiyo zikizidi huweza kuumiza ini na kuila misuli, na misuli ikivunjika kwa wingi takataka zake huziba figo. Maumivu ya mapaja yasiyo na sababu na mkojo uliobadilika rangi ni dalili za kumkimbiza mtu hospitali. Wajawazito na wanaonyonyesha wasiuguse mchele huo kwa nia ya tiba. Na lililo la hatari zaidi ni lile alilokusudia Mzee: kuviacha vidonge vilivyopimwa kwa ajili ya punje zisizopimwa, kisha kujiona salama kwa sababu hakuna kinachouma.

Mzee alinyamaza kwa muda. Kisha akageuka upande mwingine, kama wafanyavyo wazee wa kamati hoja inapowaelemea. "Na uhalali wake je, Katibu? Nimesikia hutengenezea pombe."

Swali lilikuwa la haki, ingawa lilikuja kwa mlango wa nyuma. Ni kweli kwamba katika jimbo la Fujian mchele huu hutumika kama chachu ya pombe ya mchele, na jimboni Guangdong rangi yake hupakwa kwenye nyama ya nguruwe ya kuchoma inayoning'inia madirishani. Hutiwa pia katika vipande vya jibini ya soya iliyochachushwa, vinavyouzwa ndani ya chupa na rojo jekundu, na mara nyingi rojo hilo lina pombe ndani yake. Msafiri Muislamu asidanganywe na neno soya. Ama mchele wenyewe uliokaushwa, huo si kinywaji wala haulevyi, nao ni nafaka iliyoingiwa na kuvu, kama ambavyo maziwa huganda mtindi. Sikuona kwa mchele mtupu kizuizi, nami si mufti. Mashaka yako katika ganda la kidonge. Vidonge vingi vya maganda laini au ya vipande viwili hufunikwa kwa jelatini, na jelatini nyingi hutokana na nguruwe. Kama pakiti haina alama ya halali wala maandishi ya kuwa ganda limetokana na mimea, aulizwe mwenye kujua.

Jambo la siki nalo liliibuka hapohapo, maana Waislamu wa China huila sana, pamoja na vitunguu saumu walivyovilowesha humo. Wao wengi wao ni wafuasi wa Imamu Abu Hanifa, na kwao pombe iliyogeuzwa siki kwa kusudi ni halali. Sisi wa madhehebu ya Imamu Shafi'i tunaipokea iliyogeuka yenyewe bila ya kutiwa kitu. Imamu mmoja wa hapo alitabasamu nilipomweleza tofauti hiyo kwa Kiarabu, akasema kwamba wageni wa pwani ya Afrika daima humuuliza siki kabla ya kumuuliza habari. Mezani hakutulazimisha.

Ningependa kusema kwamba tulitoka Qingping mikono mitupu, lakini Mzee si mtu wa kurudi sokoni bila ya kifurushi. Alinunua shanzha. Hilo ni tunda dogo jekundu, kali kwa uchachu, na Wachina hulichemsha baada ya mlo wa nyama nyingi. Tafiti kuhusu tunda hilo na lehemu ni ndogondogo na hazijafikia mahali pa kumfanya mtu aache dawa, lakini chai yake ni nzuri na humtosheleza mtu aliyezoea kufunga mlo kwa soda. Lile la kuchomekwa kijitini na kupakwa sukari iliyoyeyushwa, ambalo watoto hulikimbilia barabarani, ni peremende tu. Alinunua pia kitufe cha chai ya Pu'er kutoka Yunnan, chai iliyochachushwa na kubanwa kama sahani, gramu 357 kwa desturi. Watu wa Guangzhou huinywa pamoja na vyakula vya mafuta. Chai kwa jumla imeonekana kuipunguza LDL kidogo, na kidogo hicho hupotea mara moja ukitia vijiko vitatu vya sukari. Hapo nilimtazama tena Mzee, naye akatazama dari.

Mama wa duka alimwonesha na dawa nyingine, mizizi meusi iitwayo heshouwu, ambayo husifiwa kwa nywele nyeupe na kwa mafuta ya damu. Kijana alikataa hata kuitafsiri bei yake. Mizizi hiyo imewaumiza watu ini mara nyingi vya kutosha hata nchi kadhaa zimetoa onyo juu yake. Ndevu za Mzee zimebaki nyeupe, na zinampendeza.

Kinachosaidia kwa uhakika kimekaa sehemu ambayo hakuna mtalii anayepiga picha. Asubuhi, katika mkahawa wa Waislamu, tulipewa maziwa ya moto ya soya na maharage. Mzee aliyanywa akidhani ni maziwa ya ng'ombe. Protini ya soya, gramu 25 hivi kwa siku, huipunguza LDL kwa asilimia 3 au 4. Upande wa kaskazini mwa China hulimwa oti zisizo na kapi, ambazo watu wa huko huzifanya tambi. Oti, zile zinazouzwa kwetu zikiwa zimebanwa kwa ajili ya uji, pamoja na shayiri, zina nyuzi zinazotelezesha uji na kuinasa nyongo tumboni, na ini hulazimika kutumia lehemu kutengeneza nyongo nyingine. Gramu 3 za nyuzi hizo kwa siku, ambazo hupatikana katika bakuli kubwa la uji wa oti au mawili madogo, huishusha LDL kwa takriban asilimia 5 hadi 7. Waislamu hatuna haja ya kwenda Qingping kuitafuta shayiri. Talbina imo katika Sunna, nasi tumeiacha ikawa jina la somo. Akina mama wanaosoma ukurasa huu wanajua pia kunde, choroko na maharage, ambavyo vina nyuzi za aina hiyo. Wanajua vilevile kwamba tui zito la nazi lina mafuta yanayoipandisha LDL. Nalisema hili nikiwa mtoto wa pwani niliyelelewa kwa wali wa nazi, na silisemi kwa furaha.

Asilimia hizo ni ndogo ukizilinganisha na kidonge, ambacho aghalabu hupunguza robo au zaidi. Chakula hakikufanywa kuwa adui wa dawa wala mbadala wake kwa mtu aliyekwishaambiwa na daktari kuwa mishipa yake iko hatarini. Kwa kijana wa miaka thelathini ambaye vipimo vyake ndiyo kwanza vimeanza kupanda, huenda uji na mwendo wa miguu vikatosha, na huyo ni wa kuamuliwa na daktari wake.

Jioni ya mwisho mwenyeji wetu alituletea balungi la China, kubwa kama kichwa cha mtoto, limemenywa na kupangwa katika sahani. Mzee alinyoosha mkono. Kijana wa Tanga akaiondoa sahani mbele yake kwa kicheko, akaeleza kwamba katika balungi mna kitu kinachozuia utumbo na ini kuivunja simvastatini, hata kidonge kimoja kikawa kama vingi katika damu. Lovastatini nayo hufanywa hivyo hivyo, na kwa hiyo mchele mwekundu pia. Mzee alishtuka kuliko alivyoshtuka Qingping, kwa sababu uani kwake uko mbalungi uliopandwa na marehemu baba yake, naye amekuwa akila tunda kila alfajiri kwa kuamini kuwa linakata mafuta.

Tuliporejea alikwenda kliniki, akiwa na pakiti ya shanzha, kitufe cha chai, na swali moja: je, aukate mti? Daktari alimcheka, akamwambia aendelee na vidonge vyake, arudi kupimwa ini na lehemu, na mti auachie wajukuu. Machungwa matamu hayana neno. Sasa ukipita kwake baada ya Alasiri utawakuta watoto juu ya mbalungi, na Mzee barazani na chungwa lake, akiwahesabia.